Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mabanda na Ushikaji wa Kuku na Sungura Wetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka tunaoufunga. Hesabu zitasomwa na mhazini, na habari za ada na wanachama wapya zimo katika kumbukumbu za katibu, kwa hiyo sitazirudia. Muda niliopewa nimeona heri niutumie kwa jambo moja ambalo kamati ya utendaji ilikutana nalo kila ilipotembelea mabanda, kuanzia Nzuguni na Ihumwa hadi Bahi na Kongwa: sehemu kubwa ya hasara tunazozipa jina la ugonjwa au chakula kibovu huanzia kwenye banda analolala mnyama na kwenye mkono unaomshika.

Nianze na joto. Mji wetu wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wageni hudhani kwamba mwinuko huo unatosha kutupoza. Sisi tunajua kwamba mapema mwezi Oktoba jua hupita utosini ilhali mvua bado iko mbali, na banda la bati lisilo na dari huwa tanuri kuanzia saa tano asubuhi. Kuku, ambaye joto la mwili wake ni takriban nyuzi 41, hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi na kwa kuyatanua mabawa yake, na akibanwa na wenzake hata hilo la pili halipati. Hupunguza kula, mayai yake huwa na maganda membamba, naye mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua kitu kisichohusika kabisa. Sungura ni dhaifu zaidi. Hutoa joto kwa masikio, na nyuzi zikipita 30 kwa siku mfululizo dume anaweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa, jambo linaloeleza kwa nini baadhi yenu hulalamika kila mwisho wa mwaka kwamba majike hayashiki mimba.

Mafundi wetu wamezoea kulielekeza banda mashariki na magharibi ili jua lisipige kuta ndefu, na katika hilo hawajakosea. Tatizo ni kwamba upepo wa Dodoma nao hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo ukuta mfupi wa mashariki ukijengwa tofali hadi juu, hewa nyingi huishia nje. Kamati inashauri ukuta huo uwe wa wavu kwa nusu ya juu, na uwe na pazia la viroba la kushushwa mwezi Juni na Julai, baridi na vumbi vinapozidi. Paa lipakwe chokaa, au liezekwe nyasi juu ya bati. Wazee wetu waliojenga tembe kwa paa nene la udongo na kulaza mifugo humohumo ndani ya boma hawakuwa na kipimajoto, lakini suala la joto walikuwa wamelimaliza.

Kuhusu sakafu nitasema machache. Maganda ya mpunga yanapatikana Bahi kwa bei nafuu, na hakuna sababu ya kuyaacha yalowe hadi amonia ianze kuchoma macho. Harufu hiyo ipimwe kwa kuinama hadi usawa wa kichwa cha kuku, maana aliyesimama wima haisikii kama wanavyoisikia wao. Sungura anayekaa juu ya waya mtupu huchubuka nyayo. Awekewe walau kipande cha ubao cha kupumzikia.

Baadhi ya wanachama wamenunua vizimba vya waya vya kuku wa mayai, na suala hili limezua mjadala mkali katika vikao. Baadhi ya nchi zilizotangulia kuvitumia zimekwisha kuviacha: Uswisi tangu 1992, na Umoja wa Ulaya tangu Januari 2012, ambako kiwango cha chini cha nafasi kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kuku mmoja, yaani pungufu ya karatasi ya kawaida ya ofisini. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell huko Uingereza ilikuwa imeshasema kwamba mnyama wa kufugwa anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kujinyoosha. Kuku wa kizimbani hapati kiota, kichanja wala vumbi la kuogea. Kamati yetu haikuvipiga marufuku, kwa kuwa wenzetu wamekopa fedha kuvinunua. Mimi binafsi siviungi mkono, na ninaomba asiwepo wa kuongeza vingine.

Sasa ushikaji, ambao haugharimu hata shilingi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya wa maabara wanaoinuliwa kwa mkia huwa na wasiwasi mwingi na humkwepa mtu, ilhali wanaoinuliwa kwa viganja viwili au ndani ya bomba hutulia na kumsogelea. Sisi hatufugi panya, lakini kuku anayening'inizwa miguu juu kichwa chini hupatwa na mfadhaiko mkubwa kuliko anayebebwa wima, na kutulia kwake hapo ni woga, si utulivu. Akamatwe jioni mwanga ukiwa hafifu, mabawa yashikwe pamoja na mwili. Sungura asiinuliwe kwa masikio. Makalio yake yaegemezwe, kwa sababu mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu, na teke moja hewani linaweza kumvunja uti wa mgongo. Vijana tunaowaajiri wafundishwe haya kabla ya kukabidhiwa funguo, kwani kuku anayemwogopa mhudumu wake hutaga pungufu.

Nawakumbusha pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhusu kila mmoja wetu, wakiwemo wale wanaofunga kuku kwa mafungu kwenye usukani wa pikipiki kuelekea sokoni.

Kamati inaleta maombi mawili. La kwanza ni kwamba kila banda jipya la mwanachama likaguliwe kabla ya kuingiza vifaranga, kwa ushirikiano na afisa mifugo wa kata. La pili ni kununua kwa pamoja kreti za plastiki za kusafirishia kuku, ambazo, tofauti na matenga ya fito, huoshwa zikatakata. Bei mhazini anayo. Linalobaki kwenu kuamua leo ni nani atazitunza na wapi zitaoshewa, maana kreti itakayotoka sokoni na kuingia bandani bila kuoshwa inaweza kurudi na kideri, ugonjwa hatari wa kuku unaoambukiza.