Mashine ndogo, bei kubwa? Maelezo yetu kuhusu stima ya dayalisisi ya usiku

Juzi tumepigiwa simu tena na mteja aliyeona tumemlalia. Ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, na daktari wake amemhamisha kutoka dayalisisi (kusafishwa damu figo zinaposhindwa) ya kituoni hadi ile ya tumboni, inayofanywa nyumbani na mashine usiku mgonjwa akiwa amelala. Sisi ni mafundi wa stima. Tulikwenda kwake, tukapima, tukampa makadirio ya kumwekea betri ya akiba ili mashine isisimame stima ikipotea. Akayapeleka kwa fundi wa mtaani, naye akamwambia kazi hiyo ataifanya kwa robo ya bei. Ndipo akatupigia: "Mashine yenyewe naibeba mwenyewe mpaka ghorofani. Betri yake inashindaje bei ya friji?"

Tumeulizwa hivyo na karibu kila mteja wa mashine hizi, kwa hiyo leo tunajibu kwa maandishi, hesabu na yote, ili atakayekuja kesho asome kabla hajakasirika.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya mashine yenyewe. Anayekwenda kituoni hukaa kwenye kiti saa nne hivi kila mara, na wengi hapa kwetu huenda mara mbili kwa wiki. Ongeza matatu ya kwenda na kurudi, ongeza uchovu wa baadaye, na siku nzima ya kazi imekwenda. Ndiyo maana mtu aliyeajiriwa huitamani hii ya usiku. Mrija laini umeshawekwa tumboni kwa upasuaji. Mashine inajaza dawa ya maji tumboni, inaiacha ikae, utando wa tumbo unachuja uchafu na maji ya ziada kutoka kwenye damu, kisha inamwaga na kujaza tena, hadi alfajiri. Usiku mmoja unaweza kuchukua saa nane, tisa, hata kumi, kwa jinsi daktari alivyopanga.

Sasa piga hesabu ya mtu anayefanya kazi. Akijiunganisha saa 3 usiku na mpango wake ni saa tisa, anamaliza saa 12 asubuhi. Kama anavuka Likoni kwa feri na anatakiwa awe mezani saa 2, hana nafasi ya kuchezea. Stima ikipotea saa 7 usiku na kurudi saa 9, mambo ni mawili: ama amalize saa 2 asubuhi na kazini achelewe, ama ajitoe kabla ya wakati aache mzunguko mmoja wa kujaza na kumwaga. Akifanya hivyo leo na kesho kutwa, miguu inaanza kuvimba, pumzi inakuwa nzito, na nesi anamuuliza kliniki kwa nini uzito umepanda. Bosi hatajua habari za stima. Atajua tu kwamba huyu karani siku hizi anachelewa.

Kwa hiyo tunapopanga betri, kipimo chetu ni urefu wa usiku. Ukubwa wa mashine haumwambii fundi chochote.

Mashine hizi zina kikanza, kwa sababu dawa haiingizwi tumboni ikiwa baridi. Wakati wa kupasha, hasa mwanzoni, inavuta wati mia kadhaa. Baadaye inashuka. Sisi tunaiunga kwenye mita ndogo ya kupimia tukaona mwenendo wake, tena tunasoma kibandiko cha nyuma. Tuseme wastani wa usiku umetoka wati 150. Kwa saa tisa hizo ni wati-saa 1,350. Betri ya kawaida ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, kwa karatasi ina 1,200. Lakini betri ya risasi ukiimaliza kila mara inakufa mapema, hivyo tunahesabu nusu: 600. Inveta nayo, yaani kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uwe kama wa soketi, inakula sehemu yake wakati wa kubadilisha. Kinachobaki kinamtosha mgonjwa kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Hiyo ndiyo betri ambayo fundi wa robo bei alitaka kumuuzia karani wetu, na pengine ingekuwa ya gari iliyotumika, ambayo imetengenezwa kuwasha injini kwa kishindo cha sekunde chache, wala si kutoa moto kidogo kidogo usiku kucha.

Ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100, ina 2,400. Tunahesabu asilimia 80, tunatoa ya inveta, na bado inavuka saa tisa ikabaki akiba. Ni ghali, hatukatai. Zaidi ya nusu ya makadirio yetu ni betri hiyo. Ukiona fundi amekuletea bei ndogo sana, mwulize swali moja tu: saa ngapi? Akikujibu "inatosha", mwambie akuandikie saa hizo kwenye risiti.

Kuna ujanja mwingine unaotugharimu usingizi, nao ni inveta ya bei rahisi. Madukani zipo za kila namna. Zile rahisi hutoa mawimbi ya ngazi ngazi, si yale laini ya stima ya kawaida. Balbu itawaka, simu itachaji, na mwenye nyumba atafurahi. Mashine ya tiba yenye kikanza, pampu na kompyuta yake ndani ni jambo jingine. Tulikuwa na mteja Kisauni, kijana wa benki, ambaye alijinunulia inveta ya aina hiyo tukiwa bado tunajadiliana bei. Kila stima ilipokatika mashine ililia. Alizima, akawasha, ikalia. Akaamini mrija wake wa tumboni umeziba, akaomba ruhusa kazini, akaenda hospitali, akapigwa picha. Mrija uko sawa kabisa. Tulipofika tuliunga mashine kwenye inveta yetu ya mawimbi safi, tukazima swichi kuu mbele yake, na mashine ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ile aliyonunua sasa inawasha taa za banda la kuku la mama yake, na huko inafaa. Lakini ukijumlisha bei yake, nauli, picha na siku za kazi zilizopotea, alishalipa karibu tofauti yote aliyokuwa akiikimbia.

Jambo la tokeni tunalisema kila nyumba tunayoingia, na bado linarudi. Mgonjwa akishajiunganisha, amefungwa na mrija wa mita chache. Mita ya stima iko nje, ukutani kwa mwenye ploti, mara nyingine ngazi mbili chini. Tokeni zikiisha saa 8 usiku, kununua kwa simu ni rahisi, lakini nani atashuka kubonyeza zile tarakimu 20? Mama mmoja wa Mikindani, mhasibu, anaishi na binti yake wa darasa la sita. Walikuwa na mazoea ya kununua tokeni za shilingi mia, mia. Tulipomwekea betri, tatizo likajificha: tokeni zinaisha, inveta inapokea kimya kimya, nyumba nzima imelala, na betri inaliwa bila mtu kujua mpaka inaisha alfajiri. Tangu hapo kila kazi yetu ina taa ndogo nyekundu na mlio kando ya kitanda, vinavyosema stima ya nje imeondoka. Bei yake ni ndogo na tumeijumuisha. Na tunamwambia mteja: kabla hujanawa mikono kujiunganisha, soma mita. Ikiwa chini ya kiasi tulichokuandikia kwenye kikaratasi kilichobandikwa hapo, nunua kwanza.

Halafu kuna familia. Hapa tunaomba radhi kama tutamkwaza mtu, lakini betri ya mgonjwa si ya nyumba. Stima ikipotea Mombasa mwezi wa Machi, joto halivumiliki, na kila anayejua kuna soketi inayofanya kazi chumbani kwa baba atakuja na waya wake. Pangaboi moja, runinga ya mechi, simu nne. Tumekuta eksitensheni imepita chini ya mlango hadi sebuleni. Ndiyo sababu soketi yetu ni moja, nyekundu, iko ukutani peke yake na breka yake, na ndiyo sababu tunakataa mteja anapotuomba tumwongezee "kasoketi kadogo tu" kwenye laini hiyo. Ukitaka nyumba yako nzima iwe na stima ya akiba, tutakufanyia kwa furaha, lakini ni mfumo wa pili na hesabu ya pili.

Tukiwa kwenye pangaboi: wagonjwa hufundishwa kufunga dirisha na kuzima pangaboi wakati wa kuunganisha mrija, kuvaa barakoa na kunawa mikono sawasawa, kwa sababu upepo hubeba vumbi na vijidudu, na vikiingia tumboni ni maambukizi mabaya. Dalili wanayoambiwa waiangalie ni maji yanayotoka yakiwa na ukungu badala ya kuwa maangavu, na hapo mtu hangoji asubuhi. Hayo ni ya manesi, wao ndio walimu. Ya kwetu ni kwamba swichi ya pangaboi ikiwa mbali, karibu na mlango, mtu aliyechoka kutoka kazini hainuki. Kwa hiyo tunaihamisha mpaka pale anapokaa kujiunganisha. Hakuna aliyetuomba, na hatulipishi zaidi ya waya uliotumika.

Lakini kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ambayo mteja haioni, ni ya ukutani. Nyumba nyingi za kupangisha, na zile za zamani za Mji wa Kale hasa, zina soketi ya matundu matatu yenye nyaya mbili tu nyuma. Mwezi uliopita tulifungua moja mbele ya mwenyewe. Kwa nje ilikuwa mpya, nyeupe, imepakwa rangi vizuri. Ndani, skrubu ya waya wa athi (ule wa kijani na manjano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja) ilikuwa tupu, haijawahi kushika waya, imeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Mashine yenye maji na umeme, iliyounganishwa na tumbo la mtu kwa saa tisa, haiwekwi kwenye soketi hiyo. Tulichimba, tukapigilia fimbo ya shaba, tukavuta laini mpya kutoka kwenye breka, tukaweka breka ya kukata umeme unaovuja, tukapima tena. Siku nzima, mafundi wawili. Mwenye ploti alitaka kujua kwa nini tunachimba uani kwake, na tulimweleza kabla ya kushika sururu. Usipoomba idhini yake mapema, kazi husimama katikati. Fundi wa robo bei hafanyi hayo. Anachomeka, mashine inawaka, anachukua pesa.

Wapo wanaouliza jenereta. Haiwaki yenyewe, mgonjwa hawezi kwenda kuivuta kamba, na moshi wake unaua watu waliolala. Kwenye baraza au korido usiiweke kabisa, hata dirisha likiwa wazi.

Tunaijua faida ya kazi hii kwa usiku mmoja hasa. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi ilirudi kesho yake. Mwalimu wa shule ya msingi kule Bamburi, mteja wetu, alijiunganisha kama kawaida. Ule mlio wa kando ya kitanda ulipolia aliuzima, akaangalia mashine, ikawa inaendelea, akarudi kulala. Asubuhi alimaliza mzunguko wa mwisho kwa wakati, ndipo akagundua pampu ya maji ya ploti imekufa na majirani wamekesha. Hata hivyo tunamwambia yeye na wote: betri haiondoi haja ya mpango wa pili. Mwulize nesi wako akufundishe kufunga vibanio vya mrija na kujitoa salama mashine ikigoma, na uwe na mifuko ya dawa ya kubadilisha kwa mkono ndani ya nyumba. Nasi tunaweka msumari imara wa kutundikia mfuko huo juu ya kitanda.

Yule karani amerudi, tunamwekea Jumamosi. Amelipa nusu, nusu nyingine atamalizia kwa miezi mitatu, mpango tunaompa kila mwajiriwa anayeleta barua ya kliniki.

Kama nawe umeambiwa utahamia dayalisisi ya usiku, tupigie kabla mashine haijafika, si baada. Tutumie picha tatu kwa simu: kibandiko cha mashine au cha ile uliyofundishiwa, mita yako ya tokeni, na soketi iliyo karibu na kitanda. Tuambie saa ulizopangiwa kwa usiku, na saa unayotoka kwenda kazini. Tupimie pia ukuta mmoja ulio mkavu usiopigwa na jua, maana maboksi ya dawa ya mwezi mzima ni mengi na mazito, na tutakutengenezea jukwaa la mbao yasikae sakafuni. Tunakuja jioni baada ya saa 11, au Jumapili, ili usiombe ruhusa kazini kwa ajili yetu. Ada ya kuja kupima inakatwa kwenye bei ukitupa kazi. Usipotupa, karatasi ya vipimo ni yako, mpelekee fundi yeyote umpendaye.