Barua ya wazi kwa msimamizi wa maeneo ya wazi: tunaomba mstari wa kutenganisha magurudumu na miguu, na ubao wa saa

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima ya cheo chako, na kwa kuwa mvi zimekwisha kunijaa kichwani, naomba uniruhusu nikusalimu pia kama mwanangu. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Hii nimeiandika mbele ya watu wote, kwa sababu yaliyonipata Jumamosi iliyopita katika bustani yetu ya kando ya ziwa hapa Mwanza niliyaeleza katika barua hizo kabla hayajatokea.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Nilikuwa nikitembea pembeni kabisa mwa njia ya zege, kama ninavyofanya kila siku tangu nilipopatwa na kiharusi, ndipo pikipiki ndogo ya magurudumu manne, mojawapo ya zile zinazokodishwa kwa watoto pale langoni, ilipokata kona kwenye mwembe na kunijia mbele. Mwendeshaji alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, na mguu wake haukuifikia breki. Nilijitupa kwenye majani, fimbo yangu ikabaki njiani, gurudumu likaipanda na kuivunja vipande viwili, karibu na kile kimpira cha chini. Mtoto alishuka akilia kuliko mimi, akaviokota vile vipande, akawa anajaribu kuviunganisha mbele yangu huku akisema, "Babu, nisamehe." Nimefundisha shule ya msingi miaka 31 na ninawajua watoto wa umri wake: simlaumu hata kidogo. Simlaumu sana hata mwenye pikipiki, kwa maana hajawahi kuonyeshwa mahali pengine pa kufanyia biashara yake. Ninayemlaumu ni yule aliyeahidi kututenganisha na hakututenganisha, na huyo, Mheshimiwa, ni wewe.

Tangu siku hiyo nyonga ya kushoto hainiachi nilale. Mkono wa upande huohuo, ambao ulikuwa umeanza kushika kikombe, umerudi kutetemeka.

Pengine kwa mtu anayepita bustanini akiwa ndani ya gari, haya ni mambo ya wastaafu wasio na kazi. Naomba ukumbuke mji wetu ulivyo. Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Nyumba nyingi, yangu ikiwa mojawapo, zimeng'ang'ania majabali, na mtu akitoka mlangoni ama anapanda ama anashuka. Daktari aliniagiza nitembee nusu saa kila siku kwenye ardhi tambarare. Ardhi tambarare ya umma nitaipata wapi, kama siyo ukingoni mwa ziwa? Barabarani kuna bodaboda na daladala, na pembeni mwa barabara kuna meza za nyanya na dagaa. Kwa hiyo kila siku nashuka ngazi za mawe nikiwa nimeshika bega la mjukuu wangu, ili nikaipate hiyo nusu saa. Wanaokuja pale nao wamefukuzwa na vilima hivyohivyo: vijana wa jogging wanaoimba alfajiri, waendesha baiskeli, watoto wa mpira, wavuvi wa ndoano wanaorusha nyuzi bila kutazama nyuma, kina mama wenye vitoto, na kila Jumamosi alasiri maharusi na wapiga picha wao. Sisi sote tuna haki ya kuwa pale, na sote tumebanwa katika njia moja ambayo upana wake nimeupima kwa hatua zangu fupi za mgonjwa nikapata nne.

Haikuwa hivi zamani. Upande wa ziwani palikuwa na ukanda wa majani ambako watu walitandika khanga na watoto wakacheza. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifika kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu mwaka 1964, na Mei 2024 likapanda kupita hapo. Nadhani ndiyo sababu kubwa ya kubanana kwetu: maji yalimeza sehemu ya ukanda ule, na yalipopungua yaliacha tope na mawe ambayo hakuna aliyekuja kuyasawazisha. Upande wa pili umeliwa na binadamu. Mwenye vinywaji amesogeza turubai lake mwezi baada ya mwezi, na sasa amemwaga zege la jukwaa la muziki hatua chache kutoka majini, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sijui ni nani aliyemruhusu. Huenda ushuru wake unapendeza kuliko miguu yetu, ambayo hailipi kitu.

Mheshimiwa, ulikuja mwenyewe wakati wa kiangazi. Ulisimama chini ya mwembe uleule, ukatusikiliza wote kwa adabu, na kwa hilo nilikushukuru siku ileile. Kisha ukasema, nami niliandika kwenye daftari langu, kwamba kabla ya mvua za vuli njia itapigwa mstari wa rangi, magurudumu upande mmoja na miguu upande mwingine. Kwamba pikipiki za watoto zitapewa uwanja wao nyuma ya lango. Na kwamba kutakuwa na ubao wa saa. Vuli imenyesha na kukatika. Masika nayo imefika. Kilicholetwa ni bango moja la chuma linalosema ni marufuku kukanyaga majani, yaani mahali pekee palipobaki pa kukimbilia.

Usiniambie kwamba jambo hili ni gumu. Mwanangu wa kuzaa aliishi Chicago, Marekani, ambako kuna njia ya umma ya kilomita 29 hivi kandokando ya Ziwa Michigan. Kule nako watembea kwa miguu na waendesha baiskeli walisumbuana miaka mingi, hata mwaka 2018 ikakamilika kazi ya kuwatenganishia njia. Wao walitumia mamilioni ya dola. Sisi hatuombi mamilioni. Njia yetu haifiki hata kilomita moja, na sehemu kubwa ya tunachoomba ni rangi.

Nina jambo jingine, nalo linaniumiza kuliko nyonga. Nimesikia kwamba baada ya kuanguka kwangu wapo wanaokushauri upige marufuku baiskeli na pikipiki za watoto bustanini. Nakuomba sana usifanye hivyo kwa jina langu. Yule mtoto naye anaishi mlimani kama mimi, na hana uwanja mwingine. Asubuhi hadi saa tatu utuachie sisi wa miguu njia nzima. Baada ya hapo mstari utugawe, magurudumu huku, miguu kule. Wavuvi wapewe kipande chao cha ukingo, na jukwaa la zege liondolewe ili ukanda wa majani urudi. Kama haya yote ni mengi kwa mara moja, basi tupe mstari. Mstari tu, Mheshimiwa, kabla mtu hajafa.

Fimbo mpya nimekwisha kununua. Jumamosi hii, saa kumi na moja na nusu jioni, nitakuwa chini ya mwembe. Njoo tutembee pamoja kutoka langoni hadi mwisho wa njia, na uje na fundi mwenye futi na kopo la rangi nyeupe.

Wako kwa heshima,
Mwalimu mstaafu, mkazi wa Mwanza