Tukutane kwenye palizi, siyo kwenye uzinduzi tu

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu haya matamasha na siku za jamii za kuchangia bustani za shule, manake naona yanazidi kuwa mengi na mi nayapenda kwa kweli, nahudhuria, nachangia, ila kuna kitu kimoja tunakosea karibu wote nacho ni tarehe. Kila tukio linawekwa siku ya kupanda. Watu wanajaa, fulana zimechapishwa, spika zinapiga, mgeni rasmi anashika mche anapigwa picha, alafu tukishatawanyika bustani inabaki na mwalimu mmoja na dumu lake la maji.

Sasa fikirieni jamani, siku ya kupanda ndo siku ambayo bustani haina shida ya watu kabisa. Darasa moja tu linamaliza matuta yote kabla ya kengele ya mapumziko. Shida inaanza wiki ya tatu hivi, magugu yanapoota kwa kasi kuliko mboga, wadudu wameshajua njia na walimu wako kwenye mitihani. Na shida kubwa kuliko zote ni likizo ndefu, mmea haujui shule imefungwa. Maharage machanga yanataka kama siku 50 au 60 toka kusia mpaka kuchuma, nyanya ukishapandikiza mche ni miezi miwili mpaka mitatu, kwa hiyo mkipanda bila kufungua kalenda ya muhula mtajikuta mavuno yanaiva geti limefungwa na watoto wako nyumbani.

Nilihudhuria tukio moja (shule siitaji) hotuba zikachukua asubuhi nzima, tukaja kupanda saa sita mchana jua limesimama utosini. Miche ilikuwa imetolewa kitaluni toka alfajiri imeshalegea. Watoto wakaambiwa haraka haraka mgeni anaondoka, na wengine wakafukia mche pamoja na mfuko wake wa plastiki!! Nilipopita baadaye nikavuta mmoja uliokauka, mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya mfuko imeishia hapo, haijagusa udongo hata kidogo. Siwalaumu watoto. Mche unapandikizwa jioni au siku ya mawingu, umwagiliwe kabla na baada, na mtu mzima awe pembeni anaangalia, siyo anatafuta kona nzuri ya kamera.

Kuna wengine wanang'ang'ania tarehe 16 Oktoba kwa kuwa ni Siku ya Chakula Duniani. Sawa, ni siku nzuri ya kuzungumza, lakini siku hiyohiyo upande wa kusini wa dunia watu wako kwenye majira ya kuchipua na kaskazini wanaelekea baridi, kwa hiyo tarehe ya dunia nzima haiwezi kukupangia lini utie mbegu ardhini. Fanyeni mdahalo siku hiyo, kupanda kusubiri msimu wake.

Na hili la bustani kuzaliwa kwa shangwe alafu zife siyo geni. Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali iliunda kabisa jeshi la bustani za shule, watoto wengi mno wakashika majembe, vita ikaisha, pesa za serikali zikakata na mpango ukaishia hapo. Linganisheni na ile bustani ya shule ya kati kule Berkeley, California, iliyoanzishwa 1995 na mpishi Alice Waters, mpaka leo ipo. Nadhani siri ni kwamba pale bustani imeunganishwa na jiko na masomo, mtoto anapanda, anavuna, anapika, anakula, na ni sehemu ya ratiba yake ya shule. Haikuachwa iishi kwa hisani ya tamasha.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za wazazi na vikundi vinavyoandaa haya mambo, hameni siku. Itisheni watu kwenye palizi. Najua palizi haina mvuto kwenye bango ila wekeni muziki uleule, chai ileile, na mtaona. Hapo ndo mtoto anajifunza kitu, ng'oa shina moja la maharage lenye afya taratibu umwoneshe vile vinundu kwenye mizizi, kipasue kimoja kwa kucha, kikiwa chekundu chekundu ndani ujue bakteria wanafanya kazi wanashika naitrojeni ya hewani, ndo chakula cha mmea, na sehemu yake inabaki udongoni kwa zao linalofuata. Mtoto akishaona hivyo humwambii tena kwa nini tunabadilisha mazao kwenye tuta.

Siku nyingine iwe ya mboji, kila nyumba ilete maganda na majani makavu, mtu anayejua aoneshe kupanga tabaka, vikavu viwe vingi kuliko vibichi, unyevu kama sponji iliyokamuliwa. Lundo kubwa likipangwa vizuri linapanda joto mpaka zaidi ya nyuzi 55 na mbegu nyingi za magugu zinafia humohumo. Mkono ukiingia ndani unautoa mbio, watoto wanapenda hiyo kuliko hotuba yoyote.

Kubadilishana mbegu pia ni tukio zuri na halina gharama, ila waandaaji waseme ukweli, mbegu ya chotara ukiitunza msimu ujao haikupi kilekile. Maharage na nyanya za kawaida ni rahisi kutunza kwa sababu kwa kawaida zinajichavusha zenyewe, maboga ndo yanachanganyika na ya jirani, unapanda hili unavuna usilolijua.

Alafu tuache kudanganyana kwamba vituta kumi vitalisha shule nzima. Havitalisha. Bustani ni darasa, chakula cha kila siku kinatoka kwa wakulima, na hapo ndo tamasha lingefanya kazi yake ya maana, kuwakutanisha mkulima wa jirani na mtu anayenunua chakula cha shule. Brazili waliweka kwenye sheria mwaka 2009, angalau asilimia 30 ya pesa za taifa za chakula cha shule inunue kwa wakulima wadogo wa familia. Sisi wazazi hatuna uwezo wa kutunga sheria kwenye viwanja vya shule, ila meza moja ya mkulima pembeni ya spika inawezekana, na mpishi wa shule aalikwe, mara nyingi yeye ndo anasahaulika.

Lingine dogo ila linaniuma, shule bado zinatumia jembe kama adhabu. Umechelewa, kalime. Umepiga kelele, kang'oe majani. Alafu mwezi ujao tunamwita mtoto huyohuyo kwenye tamasha tunamwambia kilimo ni raha, atakuamini vipi?

Tukio la mwisho la muhula naomba liwe la kugawana zamu za likizo. Karatasi ukutani, familia mbili kila wiki, namba za simu zibaki kwa mwalimu, anayemwagilia aruhusiwe kuchuma mboga zilizokomaa aende nazo kwake maana zikiachwa zitaharibika tu. Na ufunguo wa bomba usifungiwe ofisini, nishaona zamu zimepangwa vizuri kabisa na mtu kafika na keni yake mkononi, bomba lina kufuli.

Mzazi, msomaji wenu wa siku nyingi