Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Moshi, Mvua na Daftari la Vijana Wetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Vikao vimefanyika, ada wengi mmelipa, na hesabu atazisoma mhazini. Muda wangu nautumia kwa klabu za sayansi za wanafunzi wetu, wanaopima hali ya hewa na moshi, maana huko ndiko tulikovuna mwaka huu hapa Tabora.

Kibanda cha vipimajoto kilichongwa na fundi wa mtaani, kikapakwa rangi nyeupe na kuinuliwa zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Vipimajoto vya kwanza tuliuziwa vibovu, na muuzaji hajarudisha fedha mpaka leo. Waliogundua ni wanafunzi wenyewe: walivitumbukiza vyote katika ndoo moja ya maji, kila kimoja kikasema lake.

Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi. Humo wamejifunza jambo ambalo sisi wazazi wengi hatukulijua: milimita moja ya mvua ikianguka kwenye bati lenye ukubwa wa mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Wakapima paa la darasa, wakapiga hesabu ya maji tunayoyaacha yaende mtaroni. Hilo litarudi kwenu mwakani kama hoja.

Sasa moshi. Sisi tumeuzoea kiasi cha kutouona. Tumbaku ikivunwa, mabani ya kuikaushia yanawaka kuni usiku na mchana. Kiangazi miombo inachomwa. Tanuri za mkaa hazilali. Vijana walipaka mafuta ya mgando kwenye kadi nyeupe, wakaziweka stendi, kando ya bani, chini ya mwembe wa shule na jikoni mwa shule. Kesho yake wakahesabu vidoa kwa lenzi, mraba kwa mraba. Karibu wote walikuwa wametabiri stendi. Kadi iliyorudi nyeusi kuliko zote ni ya jikoni, pale mama zetu wapishi wanaposongea ugali wa watoto wetu. Mpishi mmoja alipoonyeshwa aliishika muda mrefu, asiseme neno. Picha ile haijanitoka.

Walimu waliwaeleza vijana mpaka wa kipimo chao, nami nawashukuru kwa hilo. Kadi hunasa vumbi na masizi makubwa. Chembe zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu zina upana usiozidi mikromita 2.5, wakati unywele una kama 70. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usivuke mikrogramu 15 za chembe hizo kwa mita moja ya ujazo. Kifaa cha kuzipima hatuna, kwa hiyo ripoti yao inasema kadi ya jikoni ilikuwa nyeusi zaidi, basi.

Juni na Julai waliamka alfajiri kutazama moshi ukitanda chini kama shuka, kisha jua likipanda unainuka na kupotea. Usiku wa baridi usio na mawingu, ardhi hupoa na kuipoza hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo nzito haipandi, na moshi unabaki nayo usawa wa pua zetu.

Kuna jambo moja lililonigusa kuliko kadi. Likizo ya Aprili hakuna aliyesoma kipimamvua, na mwanafunzi mmoja akajaza sifuri daftarini kwa siku zote hizo. Wenzake walikumbuka kwamba mvua ilinyesha. Walibishana kipindi kizima, mwisho sifuri zikakatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa “haikupimwa”. Naomba daftari hilo mlione kwa macho yenu.

Mei mwaka huu Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Wapishi wetu hawawezi kusubiri miaka kumi. Napendekeza akiba ya mwaka huu iende kwanza kwenye jiko sanifu lenye bomba la moshi, wakati tukitafuta uwezo wa gesi. Najua wapo wanaotaka viti vya ukumbi. Nawasihi viti vingoje.

Likizo ya Desemba inakuja, na kipimamvua hakina likizo. Orodha ya zamu iko kwa katibu. Tarehe 25 nimejiandika mimi; ya 26 bado haina mtu.