Mifumo ya maduka iwekewe tabaka la kati

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wenye maduka kuhusu mifumo yao ya kompyuta ya kupokea malipo.

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Mfumo wetu wa mauzo ulikuwa umeunganishwa moja kwa moja na benki na mitandao mitatu ya simu. Siku moja mtandao mmoja ulibadilisha namna ya kutuma taarifa za malipo: namba ya mteja iliyokuwa ikianza na 0 ikaanza na 255, na mfumo ukaacha kuwatambua wateja. Nilikaa mpaka saa nne usiku nikilinganisha meseji na daftari. Fundi mmoja alikuwa akisubiri mabati aliyoyalipia tangu asubuhi. Iliniuma sana kumwambia pesa yake haionekani.

Kijana wetu wa programu akaweka tabaka katikati, yaani programu inayosimama kati ya mfumo wa mauzo na hiyo mitandao na benki. Sasa mfumo wa mauzo unajua lugha moja tu: kiasi, namba ya ankara, mlipaji na saa. Kila mtandao una mkalimani wake ndani ya tabaka hilo. Ukibadilika, anarekebishwa mkalimani, hesabu zangu haziguswi. Serikali nayo imepita njia hiyo kwa GePG, mfumo wake wa kupokea malipo kielektroniki, tangu 2017. Ukishapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, upendavyo.

Ndugu zangu, kabla ya kusaini mkataba muulizeni muuzaji: mtandao ukibadilika, mtagusa wapi? Akijibu kwamba itabidi afumue mfumo mzima, msitoe hata malipo ya awali.

Mhasibu,
Mwanza