Kabla ya kutangaza kufunga

Maweni, Malindi
Jumapili jioni, 14 Septemba 2025

Shoga yangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako niliipata Jumatano. Imepita kwa dereva wa basi la Tanga, ikalala Mombasa kwa yule binti wa tiketi, kisha ikaja na matatu mpaka hapa. Bahasha ilikuwa imelowa pembeni ila maandishi yote yalisomeka. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea baba watoto akiwa anaosha miguu pale uani, na nilipofika habari za mama yako kutembea tena bila mkongojo alisema "Haleluya" kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie namwombea kila jioni.

Umeuliza mambo mengi. La mwisho umeliandika kwa herufi ndogo kama unaona haya: kamati ya misioni inataka kujua mpaka sasa wameokoka wangapi. Nitalijibu, shoga, usione haya. Ila nipe nafasi nizunguke kidogo, maana taarifa ya kamati ina karatasi moja tu, na haya hayaenei humo.

Watoto hawajambo. Aliyepata taabu zaidi ni mkubwa. Unajua alivyokuwa akishika nafasi za mbele kule Korogwe. Hapa shule ya msingi kila somo ni Kiingereza, ukiacha Kiswahili chenyewe. Hesabu alizokuwa akizijua akazipoteza siku moja, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa maneno. Muhula wa kwanza alikuwa akirudi na daftari lenye wino mwekundu, analiweka chini ya godoro, hasemi kitu. Usiku mmoja nilimsikia kitandani ananong'ona majina ya maumbo kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, kama mtu anayesali. Nilikaa mlangoni nikalia. Aliyemwinua ni mwalimu wa Kiswahili, aliyemsimamisha mbele ya darasa asome insha yake, na wenzake wakampigia makofi. Tangu siku ile anakwenda shule akiwa ameinua kichwa, na Kiingereza nacho kinakuja.

Mimi mwenyewe sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mgeni ndani ya lugha yake. Nilifikiri tukivuka Horohoro kila kitu ni kilekile. Nikisema bajaji, wananiambia tuktuk. Nikisema ugali, mwenye kioski ananiuliza, "Wataka sima?" Nikifungua kinywa sokoni tu, mtu ananitazama: "Mama, wewe ni wa Tanzania." Wanasema kwa upendo, wanapenda Kiswahili chetu, lakini kila ukisema sentensi moja unaambiwa kwamba hapa si kwenu. Na vijijini tunakotumika, Kiswahili ni cha sokoni na cha serikali. Cha nyumbani ni Kigiriama. Baba watoto anajifunza kwa wazee chini ya mkorosho, ana daftari zima sasa. Mimi ninafahamu zaidi ya ninavyosema.

Sasa nikueleze jambo lenyewe.

Habari za Shakahola ulizisikia redioni mwaka 2023, kama sisi. Watu waliingia msituni na watoto wao kwa neno la mhubiri, wakafunga kula ili wakutane na Yesu, na walipofukuliwa miili ilipita 400. Kule Korogwe tuliomba siku ile kanisani, tukalia, tukaendelea na ratiba. Tulipofika hapa Januari 2024 nilikuwa nimeshaiweka habari ile upande wa mambo yaliyopita. Shoga, haijapita. Njia tunayoshika kwenda vijijini, ya Kakuyuni na Langobaya, ndiyo inayoelekea upande ule. Watu ninaowasalimia wana ndugu waliobaki kule. Siku tulipojitambulisha kwa chifu na mzee wa nyumba kumi (unaona, hata nyumba kumi zetu wanazo), tuliulizwa kwa heshima lakini kwa kirefu: mmetumwa na nani, mnafundisha nini, mnaruhusu wagonjwa kwenda hospitali? Baba watoto alijibu yote. Njiani kurudi alisema, "Wana haki ya kuuliza." Na kweli wanayo.

Halafu mimi nikakosea.

Ilikuwa Jumatano ya Majivu, Februari 14. Nilikuwa na kina mama kama ishirini, tumekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, watoto wanacheza na vifuu vya nazi. Nikawatangazia Kwaresma kama nilivyoitangaza miaka yote kule kwetu: ndugu zangu, tunaingia katika siku za kufunga na kuomba. Kimya kikaingia. Nikadhani ni kimya cha ibada. Mama mmoja nyuma, amembeba mtoto mgongoni kwa leso, akauliza polepole: "Na watoto?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa uchangamfu kwamba watoto wakubwa wanaweza kujaribu hata mlo mmoja, wazoee.

Alisimama. Hakusema neno. Alikaza fundo la leso, akamvuta mwanawe mwingine mkono, akaondoka bila kutazama nyuma. Wengine wakamfuata mmojammoja, kila mtu na sababu yake: mbuzi, maji, mgonjwa. Nilibaki na bibi wawili na mkeka. Mmoja wao ndiye aliyeniambia kwamba dada wa yule mama aliingia Shakahola na watoto watatu.

Sikulala. Nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba akiimba nyimbo za harusi.

Mwezi wa Machi ukawa mzito. Ramadhani iliingia katikati ya Kwaresma yetu, mji mzima ukawa umefunga, na mimi naogopa hata kulitamka neno. Jirani yetu hapa Maweni ni bibi wa Kiislamu, mjane. Ndiye aliyetuletea mahamri na mbaazi za nazi siku ya kwanza tulipoteremsha mizigo, hata kabla hajajua majina yetu. Jioni moja alinikuta nimekaa kizingitini, akakaa kando yangu na kibuyu chake cha maji akingoja adhana. Nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Sikiza mwanangu. Sisi twafunga, lakini magharibi ikiadhiniwa twafungua. Hata mtoto mdogo ajua magharibi yaja. Wale waliambiwa wafunge, hawakuambiwa watafungua lini. Hiyo si saumu. Hapo watu wamefungiwa."

Adhana ikalia. Akanywa maji, akanipa tende moja, tukala pamoja.

Nimelisema neno kufunga maisha yangu yote, shoga. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, mtu anafungwa jela. Sikuwahi kusimama nikasikia jinsi linavyolia katika sikio la mtu aliyezika, au asiyepata hata cha kuzika. Maana wiki ileile ya Pasaka, Jumanne Machi 26, ndipo miili ya kwanza ilipoanza kukabidhiwa kwa ndugu hapa Malindi, baada ya vipimo vya vinasaba vilivyongojewa karibu mwaka mzima. Nilipita pale karibu na chumba cha maiti nikaona watu wamekaa chini, wametulia kwa namna ambayo sitaki kukueleza.

Ijumaa Kuu tulikwenda kijijini na sufuria mbili za kuazima, mchele, maharage na nazi kumi. Walikuja wachache. Baba watoto alisimama, na nilimwambia aanze na saa. Akatangaza kufungua kabla ya kutangaza kufunga: "Leo saa tisa kamili, saa aliyokufa Bwana, tutakula hapahapa, wote, na chakula hiki hapa mnakiona." Kisha akasema kwamba katika ibada yetu mtoto hafungi, mjamzito hafungi, anayenyonyesha hafungi, mgonjwa hafungi na dawa zake anakunywa, na mtu yeyote akisema amefunuliwa vinginevyo, hata akiwa yeye mchungaji, wamwendee chifu. Sijawahi kusikia mahubiri yake yaliyonigusa kama yale, na hayakufika dakika kumi. Watoto walikunywa uji asubuhi mbele ya macho ya watu wote. Saa tisa tukapakua.

Yule mama hakuja. Mwezi wa Juni nikaenda kwake mwenyewe, na kitinda mimba wangu. Alitupa kigoda, akaingia jikoni, akatoka na sima na mchunga uliopikwa kwa tui. Mchunga uleule wa kwetu, uchungu uleule! Hakuniandalia mimi. Aliweka bakuli mbele ya mtoto wangu, akabaki amesimama akinitazama usoni. Nikaelewa. Alitaka kuona kama nitamzuia. Nikasema, "Kula, mwanangu." Akamega, akachovya, akatafuna, akasema chungu, akamega tena. Yule mama alimtazama koo mpaka alipomeza. Ndipo akavuta kigoda cha pili akakaa. Tulikula watatu. Hatukusali, hatukusoma neno. Aliniuliza kama Korogwe mvua imenyesha.

Tangu hapo kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunapika. Ndiyo ibada yenyewe sasa, siwezi kuificha. Kina mama wanaleta muhogo, mchicha, samaki wadogo wakipatikana, na mahubiri yanakuja watu wakiwa wanapepeta mchele.

Mwaka huu mwezi wa Julai hofu ikarudi. Kwa Binzaro, upande uleule wa bara, makaburi mengine yakagunduliwa, na Agosti miili ikaanza kufukuliwa. Nilijua Jumapili ile mkeka utakuwa mtupu. Shoga, nilipofika nilimkuta yule mama ameshawasha moto. Alikuwa amekuja kabla yetu, na watoto wake wawili, na kuni zake kichwani. Hakai karibu na anayehubiri, anakaa karibu na sufuria, na kila mtoto anayefika anamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Kina mama wengine walipomwona pale, wakakaa.

Sasa swali la kamati. Waliobatizwa ni wanne. Yule mama si mmoja wao, na simsukumi.

Mwaka jana tulipokuwa Mombasa tukihangaikia kibali (tuliambiwa njoo kesho mara nyingi mno, acha tu), nilikwenda kule Mkomani, Nyali, nikaona kaburi la Rosina, mke wa yule mmisionari Mjerumani, Krapf. Sisi Wasambaa tunamjua Krapf kwa sababu alitembea kwa miguu kutoka Rabai mpaka Vuga kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, akarudi tena 1852. Safari zake zimeandikwa sana. Mkewe ana mistari michache: alifika Mombasa 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo alikufa kwa homa, siku chache baada ya kujifungua binti, na binti naye akafa. Nilisimama pale na kitinda mimba mkononi. Nikawaza, kamati ingemwandikia Krapf mwishoni mwa mwaka ule imuulize amepata wangapi, angejibu nini? Alikuwa amezika wawili. Mwenzake Rebmann alikuja 1846, akakaa mpaka 1875, akaondoka akiwa haoni, na waliobatizwa miaka yote ile walikuwa wachache sana. Siwaombi kamati watungoje miaka ishirini na tisa. Ila uwaambie, kwa sauti yako ile ya upole wanayoisikiliza, kwamba hapa tulipo watu walishamwamini mhubiri kwa haraka mara moja. Nisingependa watuamini kwa haraka. Nataka watutazame koo kwanza.

Wanne, basi. Waandike wanne, na hela ya robo hii waiongeze kwenye mchele kama wanaweza.

Umesema utakuja Desemba watoto wakifunga shule. Njoo kweli. Panda basi la asubuhi Tanga, ukishavuka Lungalunga utafika Mombasa mchana, kisha matatu za Malindi zipo mpaka jioni. Kaa dirishani upande wa kulia, ukivuka daraja la Kilifi utaona maji yalivyo. Nitakungoja stendi na tuktuk.

Niletee maharage ya Lushoto, debe moja likikuwezekana, na ile sufuria yangu kubwa ya harusi niliyokuachia jikoni. Najua umeizoea, nisamehe. Hizi za kuazima hazitoshi tena, Jumapili ya mwisho wa Agosti tulipika mara mbili. Mfuniko wake usiusahau, uko nyuma ya pipa la maji.

Ni mimi shoga yako,
Mama mchungaji