Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa burudani: turudishiwe vyombo vyetu vya muziki

Kwa Mheshimiwa uliyekabidhiwa burudani na utamaduni wa mji wetu wa Mombasa,

Salaam aleikum. Baada ya salamu, nakutakia afya njema wewe na wote walio nyumbani kwako. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua nilizozileta ofisini zilipokelewa vizuri, zikapigwa muhuri, na muhuri ndio jibu pekee nililopata. Sikulaumu, najua kazi ni nyingi. Lakini juzi tumekusikia redioni ukisema burudani ya Mombasa imeshasimama tena baada ya korona, hoteli zimejaa, wageni wamerudi, na wasanii tunapaswa kushukuru. Mpiga dramu wetu alicheka mpaka akapaliwa. Yeye siku hizi anaendesha tuktuk.

Mimi ni mpiga gitaa la besi. Nimepiga hotelini kuanzia Nyali mpaka Shanzu, nimepiga harusi za Mji wa Kale na za Majengo, na nyumba ninayoishi Kisauni imejengwa na gitaa hilo. Niruhusu nikukumbushe yaliyotupata, maana naona wakubwa mnaihadithia korona kama mvua iliyonyesha ikaanuka.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 25 ndege za kimataifa zikasimamishwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wewe ni mtoto wa mji huu, huhitaji kufundishwa: saa moja jioni bendi haijamaliza hata kuunganisha nyaya. Taarabu haianzi mpaka watu wamesali isha, wamekula, na kina mama wamejipamba wakaridhika. Kinyozi aliweza kunyoa mchana. Muuza samaki aliweza kuuza asubuhi. Sisi tungempigia nani besi saa nne asubuhi? Tuliambiwa tufunge mapema kama wenzetu, na kwetu mapema ilikuwa ni kufunga kabisa. Na siku ile ile ya kwanza ya kafyu, watu walipigwa pale Likoni wakiwa kwenye foleni ya feri, moshi wa machozi ukatanda, hata saa yenyewe haijafika. Baada ya hapo nani angethubutu kutembea usiku na gitaa mgongoni?

Aprili ikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale, hakuna kutoka wala kuingia. Mpiga solo wetu alikuwa Diani, akabaki Diani mpaka Julai. Mei Mji wa Kale nao ukazingirwa peke yake, mwezi mzima. Harusi zilizofanyika wakati huo zilikuwa za watu wa kuhesabika, kadhi, mashahidi, dua, basi. Harusi ya Mswahili bila ngoma, Mheshimiwa! Hata bibi harusi alikuwa anaona haya.

Tulijaribu mtandao, usiseme hatukujitahidi. Tulikaa sebuleni kwa mwimbaji wetu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, tukapiga Facebook na namba ya M-Pesa tukaiandika kwenye kadibodi nyuma yetu. Wakati huo kutuma chini ya 1,000 hakukuwa na ada, kwa hivyo watu walituma hamsini, mia, mia mbili, hasa watu wetu walio Ughaibuni waliosema tunawakumbusha nyumbani. Mungu awalipe. Mwaka 2020 ulipoisha na ile afueni ya ada ikaisha, na huruma nayo ikapungua. Kisha bando likapanda kuliko tulichokuwa tukitunzwa. Tukaacha.

Sasa tuje kwenye pesa, maana najua hapa ndipo masikio husimama. Aprili 2020 Rais wa wakati huo alitangaza shilingi milioni 100 kutoka hazina ya michezo kwa ajili ya wasanii, waigizaji na wanamuziki wa nchi nzima. Mwezi uliofuata zikatengwa bilioni 2 za mikopo nafuu kwa hoteli, zikarabatiwe. Sina kijicho na hoteli, hoteli ndizo zilizonilisha. Nasema tu kwamba ukuta ulipakwa rangi na mtu aliyekuwa akipiga mbele ya ukuta huo akaambiwa ajaze fomu. Tulijaza. Nakala ya kitambulisho, picha, majina ya wanabendi wote. Katika watu ninaowajua mimi, hakuna aliyeona hata senti. Labda walipewa wale wenye video na wafuasi wengi. Labda zilikwama njiani. Labda fomu zetu ziko kwenye droo pamoja na barua zangu, sijui.

Na tafadhali msinijibu mambo ya mirabaha, yale malipo ya wimbo unapotumika. Mirabaha ni ya aliyetunga na aliyerekodi. Mpiga wa hoteli hupiga nyimbo za watu, pamoja na ule wimbo wa kuwakaribisha wageni ambao tungeukataa tukafukuzwa. Yeye hula kwa usiku aliopiga. Usipokuwepo usiku, hakuna chakula.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Tulikumbatiana barabarani. Tukapangusa vyombo, vingine vimeliwa na chumvi ya bahari, vingine tulishaviuza. Tukaenda hotelini kwa adabu kuomba zile siku zetu za zamani. Ndipo tulipojua kwamba wageni walikuwa wamerudi na sisi hatukuwemo kwenye safari. Watalii wa kigeni walikuwa kama milioni 2 mwaka 2019, wakashuka chini ya laki 6 mwaka 2020, na katika kubana matumizi meneja akagundua kwamba mtu mmoja mwenye kinanda na midundo iliyokwisha kurekodiwa anajaza usiku mzima. Bendi ya watu saba imekuwa mtu mmoja. Mgeni wa siku mbili hajui kilichopungua. Wageni wa Nairobi wanaokuja na treni wikendi nao, nafikiri, wamezoea madijei, na sitawakemea kwa hilo. Lakini mtu akisema burudani imerejea, aseme ni ipi. Spika zimerejea. Wapigaji hawajarejea.

Ndipo ulipokuja wewe. Unakumbuka kile kikao? Uliketi mbele, ukanywa maji ya chupa, ukatuita wazee wetu na hazina ya pwani. Ukatuahidi mambo matatu: ada ya kibali cha muziki wa laivu itasamehewa mpaka bendi zisimame, kutakuwa na daftari moja la wanamuziki ili msaada ukija ujue mlango, na jukwaa la pale bustani ya Mama Ngina, ufuoni, tutapewa tupige kila mwisho wa mwezi bila kulipia. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi ya wengine wote.

Kibali hakikusamehewa, kimezaa kibali kingine. Kuna cha biashara, kuna cha kelele, na kuna kile ambacho hakina risiti. Daftari sijaliona. Jukwaa tuliliona, likiwa na watu wa kampeni.

Na Jumamosi iliyopita vijana wako walikuja. Tulikuwa kwenye mkahawa mmoja wa ufuoni, saa tatu na nusu usiku, watu wanakula, tunapiga chakacha, ngoma yetu ya pwani, pole pole, mtoto amelala kwenye kiti hatua chache kutoka kwa ampu yangu, kile kikuza sauti cha gitaa. Mtoto hakuamka. Walioamka ni askari wako. Mwenye mkahawa alionyesha karatasi zake, wakasema si hizo. Wakachukua spika mbili, mikisa ya kuchanganyia sauti, maiki zote na ampu yangu ya besi, wakavirusha nyuma ya pikapu kama mabati. Tulipouliza vinapelekwa wapi tukaambiwa tuje Jumatatu. Jumatatu tukaambiwa mhusika yuko semina.

Wiki hiyo hiyo lori la siasa lilipita mtaa wa Buxton na spika za kutikisa madirisha, mchana na usiku. Sikusikia limekamatwa. Huenda lina kibali kizuri kuliko chetu.

Nilikusudia kukuomba mengi. Uzifungue hesabu za ile milioni 100 tujue pwani ilipata ngapi. Vibali viwe kimoja, na bei yake ibandikwe ukutani. Hoteli iliyofaidi pesa za umma iwe na bendi hata usiku mmoja kwa wiki. Nilikuwa nimeyaandika yote hayo, na bado nayataka, ahadi zako bado ni ahadi.

Lakini Mheshimiwa, kwa sasa naomba moja. Turudishiwe vyombo. Kama kuna faini, iandikwe kwa karatasi, tutachangishana. Kama ni kosa, tushtakiwe sisi, ampu haina hatia. Mikisa ile ni ya mkopo, bado tunaulipa. Spika moja ni ya marehemu aliyetuanzishia bendi, na wanawe wananiuliza mimi.

Turudishiwe kabla ya Ijumaa. Kuna harusi Kuze, kule Mji wa Kale, na arbuni, yale malipo ya kutangulizwa, tumeshaila.

Wako kwa heshima,

Mpiga besi, Kisauni